Taa Arobaini za Huwaira

Asubuhi ya tatu baada ya Waingereza kuondoka, Muzna alikuta masizi mapya kwenye mdomo wa taa ambayo hakuna mtu aliyeiwasha.

Alikuwa ameisugua mwenyewe jana yake kwa mchanga na majivu mpaka bati likaonyesha rangi yake. Ilikuwa taa ya kambini, debe la mviringo lenye mdomo mrefu kama wa birika, na ndani ya mdomo utambi mnene kama kidole gumba. Aliiinua, akaitikisa karibu na sikio. Tupu. Lakini masizi yalikuwa laini na meusi, na bati lilikuwa bado na joto.

"Yeslam," alimwita kaka yake aliyekuwa anakunywa chai uani. "Uliwasha taa yako?"

"Niiwashe na nini, mate?"

Baba yao, mzee Karama, alikuwa ameketi mlangoni na kikombe ambacho hajakigusa. "Nimekwambia uirudishe," alisema.

"Nimrudishie nani, baba? Kambi imefungwa. Hata mbwa wao wamepanda ndege."

"Sijasema umrudishie nani. Nimesema uirudishe ilikotoka."

Yeslam alicheka, akamtazama Muzna ili naye acheke. Muzna hakucheka. Alifuta kidole chake kwenye nguo, na lile doa halikutoka.

Uwanda wa Huwaira ulikuwa na wenyewe kabla ya Waingereza, na kila mtu wa kijiji cha Hasisa alilijua hilo. Hakuna aliyeukatiza bila kupiga hodi, kama anavyopiga mtu kwenye nyumba ya jirani. Wachungaji walipiga hodi, wanawake waliokwenda kuokota kuni walipiga hodi, na aliyesahau alirudi na homa au hakurudi na mbuzi wote. Mwaka wa njaa wageni walikuja na ramani, wakaona ardhi tambarare isiyo na nyumba, wakadhani haina mtu. Waliajiri vijana wenye ngamia kuburuta magogo ya mitende juu yake mpaka ikalala kama mkeka. Ndege ya kwanza ilishuka salama. Rubani akatoka, akatembea hatua chache, akakaa chini, na tangu siku hiyo hakusema neno lolote kwa lugha yoyote. Ya pili ilipinduka. Ya tatu haikupinduka, lakini ngamia wanne walikufa wamesimama.

Hapo ndipo ofisa mmoja mwenye busara alipouliza wenyeji, na babu yake Muzna akamfundisha mwanawe Karama maneno. Karama akaajiriwa kuwasha taa. Kila ndege ilipokuja jioni, au mchana wa vumbi jua likiwa limezibwa, alitembea na kiberiti akiwasha ishirini upande huu na ishirini upande ule, na mbele ya ile ya kwanza alisema: "Hodi, wenye uwanda. Tunaomba njia, kwa kadiri taa zinavyowaka." Ndege ikishashuka alirudi akianzia ya mwisho, akiifunika kila moja kwa kifuniko chake, hakupuliza hata moja, na kwa kila moja alisema: "Tumemaliza. Asanteni. Ardhi ni yenu."

Miaka ishirini na mitatu alifanya hivyo. Maofisa walibadilika, bendera ikafuliwa na kupauka, nyumba za bati zikaongezeka, ikaja sinema ya askari na chumba cha darasa ambamo mke wa fundi mmoja aliwasomesha mabinti wa wafanyakazi. Hakuna ndege nyingine iliyopinduka.

Kisha amri ya kufunga ikaja. Siku tatu walichoma makaratasi. Vyombo vya jikoni walivifukia kwenye shimo ili visigombaniwe. Ndege ya mwisho iliondoka alfajiri yenye ukungu, taa zote arobaini alizoziwasha Karama zikiwaka, naye akiwa ameshatolewa nje ya lango na barua ya shukrani mkononi. Alisimama kwenye waya akiwaita askari, akiwaomba wamwache aingie robo saa tu, azime. Hawakumwelewa. Walipita na lori, wakazimwagia taa mchanga, wakazitupa kwenye rundo. Adhuhuri nao wakaondoka kwa lori, lango likaachwa wazi, na Hasisa nzima ikaingia kubeba milango, vitanda, mabati na taa.

"Waliomba njia na hawakuirudisha," Karama aliwaambia watu msikitini. "Njia iko wazi mpaka sasa."

Watu walimwonea huruma. Walisema mzee Karama anaililia kazi yake.

Wiki ile ile shangazi Fattum, dada yake Karama, alitoka jikoni na mkate mkononi kama ameshika panya kwa mkia.

"Nusa," alimwambia Muzna.

Muzna alinusa. Ulinuka mafuta ya ndege, ile harufu kali iliyokuwa kwenye shati la baba kila jioni.

"Unga nimekanda mimi, maji nimeteka mimi. Nani amenawa mikono kwenye unga wangu?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi huyo Hakuna ana mikono michafu sana."

Siku iliyofuata shangazi hakutania tena. Alimshika Muzna mkono, akampeleka kwenye mtungi wa maji uliokuwa kivulini, akamwambia ainamishe sikio. Ndani ya mtungi palikuwa na mvumo. Ulikuwa mdogo na wa mbali, kama ndege inayozunguka nyuma ya milima ikingoja kuruhusiwa. Muzna aliinua kichwa akatazama mbingu. Mbingu ilikuwa tupu na tulivu.

"Na kwa jirani ni hivyo hivyo," shangazi alinong'ona. "Kila nyumba yenye taa."

Ni shangazi Fattum aliyefanya alichoshindwa kaka yake. Alipita mlango kwa mlango na kanga yake ya begani, akibembeleza hapa, akitukana pale, na kufikia Jumanne taa zilikuwa zimepangwa uani kwa mzee Karama kama kuku waliolala. Mzee alizihesabu. Akazihesabu tena.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Zinatosha," alisema Yeslam. "Nenda kawashe, kazime, tumalize. Alhamisi dada yangu anaolewa, sitaki wakwe waje wakute uani kumejaa takataka za Wazungu."

"Njia iliyofunguliwa na arobaini haifungwi na thelathini na tisa." Mzee aliwatazama mmoja mmoja: Yeslam, shangazi, Zuhur bibi harusi aliyekuwa ameketi na hina mbichi miguuni. Mwisho akamtazama binti yake mdogo. "Muzna?"

"Sijui, baba."

Alisema haraka, na alipomaliza kusema alijua kwamba asingeweza kuyarudisha maneno yale.

Taa ya arobaini ilikuwa juu ya paa, chini ya tenga la samaki wakavu. Aliichukua mwenyewe siku ile lango lilipoachwa wazi, wakati wengine wanagombania vitanda. Darasa lilikuwa limefungwa pamoja na kambi. Mwalimu alikuwa amempa kitabu kimoja cha kusoma, amefika katikati yake, na ndani ya nyumba taa ilikuwa moja tu, ya jikoni, ambayo shangazi hakumwazima mtu. Kwa hiyo kila siku baada ya magharibi Muzna alipanda juu, akawasha taa yake nyuma ya tenga, akasoma kurasa mbili au tatu, akaizima kwa pumzi. Aliitia mafuta siku ya kwanza tu. Hayakupungua. Alidhani ni baraka, kwamba Mungu amemwonea huruma kwa sababu ya darasa. Baba alikuwa amesema akishafunga njia atazivunja taa zote kwa nyundo. Muzna alijiambia atamaliza kitabu kwanza. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na kitu. Alijiambia atairudisha Ijumaa.

Jumatano jioni alisoma kurasa tano. Alipoinama kupuliza, moto uliinama upande wake, ukamgusa mdomo kabla ya pumzi kutoka. Haukuwa na joto.

Alhamisi baada ya alasiri, vumbi likaja.

Lilitoka kaskazini kama ukuta, likafunika uwanda, likafunika minara ya kambi, na kabla wapiga ngoma hawajamaliza kukaza ngozi zao Hasisa nzima ilikuwa ndani ya rangi ya kahawia na mtu haoni mkono wake akiunyoosha. Watu wa bwana harusi walikuwa njiani kutoka bondeni. Mzee Karama alikuwa msikitini pamoja na wazee, wakingoja wageni waje kufunga ndoa.

"Watapotea," alisema shangazi. "Watasema tuliwaacha gizani makusudi."

"Hawapotei," alisema Yeslam, na macho yake yalikuwa tayari kwenye zile taa.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa kijana aliyefanya kazi ya kupakua mizigo kambini miaka sita, na kambini vumbi likija taa huwashwa ili wanaokuja waione njia. Alizibeba mbilimbili. Alizipanga kwenye kichochoro kinachoishia mlangoni kwao, upande huu na upande ule, na bila kufikiri alipima kwa hatua kama alivyoona ikipimwa, zote sawa, zimenyooka, na mbili za mwisho akazisogeza pamoja ndani ya njia, mbele ya kizingiti, kuonyesha mahali pa kusimama. Akazigawia mafuta ya jikoni kidogo kidogo, akawasha zote. Upande wa kushoto zilikuwa ishirini. Upande wa kulia, kumi na tisa.

"Yeslam, baba amekataa," Muzna alisema.

"Baba amekataa uwandani. Hapa ni kwetu. Mtoe Zuhur, wakifika wamkute mlangoni."

Zuhur alitolewa amefunikwa mtandio wa kijani, amenyanyua pindo asiharibu hina, akinong'ona kutoka chini ya kitambaa: "Muzna, nishike, sioni kitu. Nikianguka bwana harusi atadhani kauziwa kipofu." Wanawake walicheka. Ngoma zikaanza.

Ngoma hazikupigwa muda mrefu. Mpigaji wa kwanza alisimamisha mkono, kisha wa pili, kwa sababu ngozi za ngoma zilikuwa zinatetemeka zenyewe. Ule mvumo wa ndani ya mtungi ulikuwa umetoka nje. Ulikuwa juu ya vumbi, unakuja, unazunguka kijiji mara moja, mara mbili, kwa subira, kama kitu chenye uhakika kwamba kimeonyeshwa njia, na harufu ya mafuta ikashuka mpaka watu wakaziba pua kwa nguo zao, na mbuzi wote wa Hasisa wakanyamaza kwa wakati mmoja, na miali ya taa ikalala, si kwa upepo, kwa maana upepo ulikuwa unavuma kutoka mkono wa kushoto nayo ililala kuelekea mlangoni, moja baada ya nyingine kutoka mwisho wa kichochoro kuja huku, na pale kila jozi ya taa ilipolala mchanga ulibonyea, mistari miwili, mipana, ikijichora yenyewe ardhini bila kitu juu yake, ikisogea kwa kasi kisha polepole, polepole zaidi, mpaka ikafika kwenye zile taa mbili za mwisho, mbele ya vidole vya Zuhur vyenye hina, ikasimama.

Muzna alihisi mkono wa dada yake ukiwa mzito. Alivuta, na ilikuwa kama kuvuta mti.

"Zuhur."

Zuhur aligeuka taratibu, mwili mzima, mpaka uso wake ulipoutazama upepo. Mtandio ulijaa hewa, ukatanda nyuma yake, umenyooka, kama kile kitambaa cha mlingotini kambini kilichowaonyesha marubani upepo unakotoka.

"Wamefika," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini ilisema bila kumeza mate, bila pumzi. "Wengine bado wako juu."

Shangazi Fattum alianza kusoma aya kwa sauti ya chini, akikosea, akirudia. Yeslam alikimbilia msikitini akigusa kuta. Alirudi na mzee Karama. Mzee aliona taa, akaona mistari, akamwona binti yake. Akashika njia mpaka mwisho wa kichochoro, na kutoka ndani ya vumbi wakasikia vifuniko vikigonga bati, kimoja baada ya kingine, na sauti yake ikirudi kwao kidogo kidogo.

"Tumemaliza. Asanteni. Ardhi ni yenu."

Kila taa ilipozimwa mvumo ulipungua. Alipofunika ya thelathini na tisa, pale kizingitini, ulikuwa umebaki kama nyuki mmoja ndani ya chumba. Alisubiri. Nyuki hakutoka. Zuhur hakugeuka.

"Kuna moja inawaka," mzee alisema. "Ninaisikia. Nani anayo?"

Muzna alijaribu kunyamaza mara ya pili, na safari hii ulimi ulikataa. "Iko kwangu, baba. Juu."

"Uliiwasha wewe?"

"Mimi. Ili nisome."

"Uliizima vipi?"

"Kwa pumzi."

Mzee Karama alifumba macho. Hakumpiga. Muzna alitamani ampige. "Basi hukuizima," alisema. "Nenda. Mimi siwezi. Taa iliyopulizwa hufungwa na aliyeipuliza. Ifunike, useme maneno yote. Usikimbie."

Alipanda ngazi za udongo kwa mikono na magoti. Juu ya paa hapakuwa na vumbi. Palikuwa peupe na kimya kama chumba kilichofagiliwa, na taa ilikuwa imetoka chini ya tenga, imekaa katikati, inawaka kwa moto mrefu uliosimama wima. Kitabu kilikuwa kando yake, wazi, si kwenye ukurasa aliouacha. Kilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Mtu alikuwa amekimalizia kusoma.

Kifuniko hakikuwapo. Alikitupa yeye mwenyewe siku ya kwanza, kwa kuwa kilipiga kelele. Alipapasa, akatafuta, na chini alimsikia shangazi akiita jina la Zuhur kwa namna ambayo watu huwaita wasioitika. Ndipo akachukua kitabu, akakifunga, akakikandamiza juu ya moto kwa mikono miwili.

"Tumemaliza," alisema. Karatasi zilianza kunuka. "Asanteni." Vidole vilimuuma mpaka machozi yakatoka. "Ardhi ni yenu."

Mvumo ukakatika. Chini, Zuhur alianguka na kuomba maji.

Watu wa bwana harusi hawakufika. Walirudi bondeni na kusema baadaye kwamba waliziona taa, safu mbili ndefu, lakini hazikuwa kijijini, zilikuwa uwandani, na ngamia walikataa kuzifuata. Ndoa ikaahirishwa mpaka baada ya Idi. Zuhur alikunywa maji, akala wali kidogo na asali, akalalamika kwamba hina imeharibika. Shangazi alicheka na kulia, akafukiza ubani vyumba vyote. Yeslam alizichukua taa zote arobaini alfajiri, akazivunja kwa nyundo uwandani, akazifukia bila kuambiwa.

Mzee Karama peke yake hakuonekana kufurahi. Aliketi kizingitini asubuhi yote, akaitazama ile mistari miwili ambayo ufagio haukuweza kuifuta. Muzna alimletea chai kwa mikono iliyofungwa vitambaa.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe tangu jana." Alikishika kikombe. "Muzna, yale maneno ya kufunga. Babu yako aliyatunga kwa ajili ya wapi?"

"Kwa ajili ya uwanda."

"Kwa ajili ya uwanda," mzee alisema. "Jana nimeyasema mara thelathini na tisa kwenye kichochoro hiki. Na wewe umeyasema mara moja juu ya nyumba yetu."

Muzna alisimama pale pale na sinia mkononi. Alikumbuka alivyosema "Ardhi ni yenu" wazi, bila kukosea hata neno.

Tangu siku hiyo katika nyumba ya mzee Karama watu hupiga hodi kwenye mlango wao wenyewe. Magharibi ikiingia Muzna husimama katikati ya chumba na kiberiti, mbele ya taa ya jikoni, na kusema, "Tunaomba nyumba, kwa kadiri taa inavyowaka," kisha huiwasha, na hukaa kando yake mpaka kuche, akitazama mafuta yakishuka. Haya hupungua. Mwanga anao sasa, usiku kucha, zaidi ya ule aliowahi kuutamani. Kitabu hana.

Mara moja tu alisinzia. Aliamka gizani, kwa harufu, na kabla hajaupata utambi alisikia kitanda cha dada yake kikilia na nyayo zikitua sakafuni. Alipowasha, Zuhur alikuwa amesimama dirishani, nguo yake ya kulalia imejaa hewa nyuma yake, uso umeelekea kusini.

"Upepo umegeuka," alisema Zuhur kwa upole. "Waambie waje kwa upande huu."